Jinsi ya kuandika meseji isomeke vile ulivyokusudia

Chukua neno moja tu, "umefika". Ukiliongea sauti ikapanda mwishoni ni swali, ikishuka ni taarifa, ukilivuta ni furaha kwamba mgeni kaingia, ukilikata kwa ukali mtu anajua kabisa kachelewa na anasemwa. Neno halijabadilika hata herufi moja, kazi yote imefanywa na sauti. Sasa liandike hilo hilo kwenye simu umtumie mtu aliyebanwa kwenye daladala, jua kali, asubuhi kagombana na mwenye nyumba, yeye ndo anachagua sauti ya kulisomea na atachagua inayoendana na hali yake yeye, sio yako.

Na tunajidanganya sana kwamba tunaeleweka. Mwaka 2005 Justin Kruger na Nicholas Epley na wenzao kule Marekani walichapisha utafiti wao, watu walipewa sentensi za kutuma kwa barua pepe, nyingine za kweli nyingine za kejeli, alafu wakaulizwa mwenzako atajua ipi ni ipi. Watumaji walitegemea kueleweka karibu asilimia 78, waliopokea wakapatia asilimia 56, yani hapo ni kubahatisha tu. Sentensi za aina hiyo hiyo zikisemwa kwa sauti walipatia zaidi ya asilimia 70. Kwa hiyo ukiandika unaisikia sauti yako kichwani na unaona kila kitu kiko wazi, mwenzako haisikii. Nimeona ndugu wa tumbo moja wameacha kuongea miezi kwa ajili ya mstari mmoja wa meseji ambao ungesemwa kwa mdomo wangecheka wote, inauma, na mara nyingi ilikuwa inazuilika kabisa. Hizi hapa hatua.

Hatua ya 1: Jua mwenzako kazoea kuandika vipi

Meseji ya kwanza ya simu ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, kijana Neil Papworth aliandika heri ya Krismasi kwenye kompyuta akamtumia Richard Jarvis wa Vodafone, na Jarvis hakuweza hata kujibu maana simu yenyewe haikuwa na uwezo wa kuandika. Ukomo ukawa herufi 160, ukizidisha inahesabiwa meseji ya pili na hela ya pili inakatwa. Waliokuwa vijana enzi za simu za vitufe wanakumbuka, kupata s unabonyeza kitufe cha 7 mara nne, x iko kitufe cha 9 mara mbili tu, ukijumlisha na kubana herufi ndo unaelewa kwa nini "xaxa" na "xawa" zilishika vile, na "cjui", na "2po", na "nmekumic". Leo kwenye WhatsApp herufi haina bei na kibodi ina kila kitu, kwa hiyo ufupisho umebaki na maana nyingine kabisa, unaonyesha ukaribu, au haraka, au kutojali, inategemea nani kamwandikia nani. Kwa rafiki yako "mm npo hm", yani mimi nipo home, haina neno. Kwa mama mkwe "shkm mama" umebana herufi nne kwenye heshima, na yeye hizo nne kaziona.

Nukta nayo ni hivo hivo. Mwaka 2015 Celia Klin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Binghamton, jimbo la New York, walitoa matokeo ya utafiti kwa wanafunzi 126, jibu fupi la meseji likiishia na nukta lilionekana halijatoka moyoni kuliko jibu hilo hilo bila nukta, ila likiandikwa kwa mkono kwenye karatasi nukta haikuleta tofauti. Walikuwa wanasoma Kiingereza, lakini muulize kijana yoyote wa Dar au Nairobi aliyepokea "Sawa." kutoka kwa mpenzi wake, atakuambia tumbo lilivyomkata.

Ila sasa hapa ndo watu wanapokosea, wanaigeuza nukta kuwa sheria ya wote. Mzee aliyestaafu ualimu akikuandikia "Sawa. Nimepokea. Ahsante." hajakasirika hata kidogo, sentensi kwake lazima iishe, ndivyo alivyofundisha watoto wa watu miaka yote. Kipimo sahihi ni mazoea ya mtu mwenyewe. Dada ambaye siku zote anaandika "sawaa dear" leo kaandika "Sawa." hapo kuna kitu. Baba ambaye siku zote anaweka nukta leo kaandika bila nukta, pengine ana haraka tu, au kapewa simu ya mjukuu. Kabla hujaandika pandisha juu kidogo usome meseji zake tano sita za nyuma, utaona anasalimiaje, anaandika ndefu au fupi, anaweka emoji au haweki, alafu msogelee. Sio kumuiga, kumsogelea tu.

Hatua ya 2: Salamu na shida viwe kwenye meseji moja

Kwetu huwezi kumvamia mtu na shida bila salamu, hiyo haijadiliki, hasa kwa mkubwa. Lakini simu sio baraza, pale barazani ukisema "hodi" unajibiwa papo hapo na mazungumzo yanaendelea, kwenye simu unatuma "Mambo" saa tatu asubuhi, mwenzako anaiona saa saba anajibu "poa", wewe unaiona saa kumi na moja, siku imeisha na hakuna aliyejua ulikuwa unataka nini. Mbaya zaidi ni "za siku" peke yake kutoka kwa mtu ambaye hamjawasiliana mwaka mzima, anayeipokea anajua hapa kuna mkopo au mchango, na anakaa kimya makusudi.

Changanya vyote. Mfano wa kumwandikia shangazi:

"Shikamoo shangazi, habari za Muheza, sisi huku wazima wote. Nilikuwa naomba kujua kama tarehe 14 bado iko palepale au imesogezwa, tupange nauli. Ukipata nafasi tu shangazi, sio lazima sasa hivi."

Angalia vitu vitatu hapo. Shikamoo imeandikwa yote. "Nilikuwa naomba" ni laini kuliko "naomba" na "naomba" ni laini kuliko "nataka", huo wakati uliopita unampa mtu nafasi ya kupumua. Alafu ile "sio lazima sasa hivi" ina kazi kubwa tangu WhatsApp walete tiki za bluu mwaka 2014, maana mtu akishafungua anajua umeona kafungua, na asipojibu mnaanza kuhesabiana dakika. Umemtoa kwenye huo mtego kabla hajaingia.

Kwa bosi usiandike kama unaandika barua ya kuomba kazi, "Habari za asubuhi dada, leo nitachelewa nusu saa, gari la abiria limeharibika hapa Mbezi, ripoti nimeshaiweka mezani" inatosha sana. Salamu, jambo, sababu, na kitu cha kumtuliza.

Hatua ya 3: Alama ya kuuliza usiiache kamwe

Kama utashika hatua moja tu shika hii. Kiswahili swali la ndiyo au hapana halipangi maneno upya, "utakuja kesho" ni swali na ni taarifa na ni amri, maneno yale yale kwa mpangilio ule ule. "Je" lipo ndio, lakini nani anasema je akiwa anaongea na mdogo wake. Kwenye kuongea sauti inatenganisha, kwenye kuandika kazi yote kaachiwa kialama kimoja kidogo ambacho watu wanaona ni mapambo.

Baba yuko kazini anamwandikia mkewe "mtoto anaumwa", alikuwa anauliza maana asubuhi alimuona kapoa. Mama yuko sokoni, anasoma kwamba mtoto kaumwa shuleni na baba kapigiwa simu, anaacha biashara anakimbia. "Umelipa ada" kutoka kwa mwalimu mkuu, ni risiti au ni kudaiwa? "Hela imefika" kutoka kwa uliyemtumia hela, anakuuliza au anakushukuru? Weka alama ya kuuliza, moja inatosha. Zikiwa tatu "Umefika???" tayari unagomba, hata kama ulikuwa na wasiwasi tu.

Mkato nao usiudharau. "Sio lazima uje kesho" na "Sio lazima, uje kesho" ni safari mbili tofauti, moja mtu anabaki kwao na nyingine anapanda basi. Na saa andika kamili, "saa 4 asubuhi", kwa sababu ukiandika "10:00" mmoja anasoma saa nne na mwingine anasoma saa kumi jioni, na kama ndugu yuko Muscat ambako saa zinatangulia zetu kwa moja basi sema ni saa nne ya wapi.

Hatua ya 4: Vijineno vidogo ndo vyenye makali

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye utajiri wote. Lugha yetu hasira na mapenzi havikai kwenye maneno makubwa, vinakaa kwenye mbona, kwani, eti, basi, tu, jamani, si, hebu. Ukiongea sauti na uso vinavilainisha, ukiandika vinabaki vikavu.

"Mbona" ina lawama ndani yake hata ufanyeje. "Mbona hukuja" inamwambia mtu ulikuwa na deni la kuja. Kama kweli unataka kujua tu andika "Ilikuwaje jana hukuja, mzima lakini?" Hiyo "lakini" ya mwishoni kabisa ni tamu sana, inaonyesha kinachokusumbua ni afya yake sio kiti kilichobaki wazi.

"Kwani" inapandisha mabega. "Kwani umepika nini?" ukiisema jikoni huku unafunua sufuria ni utani wa nyumba, ukiituma kwa meseji mke au mume anaisoma kama dharau ya chakula ambacho hujakiona. Andika "Leo tunakula nini?" tu. "Si" nayo ya "si nilikuambia" nakushauri usiiandike kabisa, hata kama ni kweli ulimwambia, haijawahi kumsaidia mtu ambaye tayari yuko kwenye tatizo.

"Eti" inatia shaka. Mtu kakuambia anaumwa ukaandika "eti unaumwa" inaweza kusomeka kama umepelekewa taarifa ukashtuka, inaweza kusomeka kama unasema anajifanya. Bora "Nimesikia unaumwa, pole sana, unaendeleaje?"

"Basi" peke yake ni mlango unaofungwa. "Basi sawa" ni kinyongo, yani nimekubali ila nitakumbuka. "Basi poa, kesho Mungu akipenda" ni makubaliano ya amani, kilichobadilika ni kwamba umeongeza kesho, umeonyesha bado mna safari.

"Tu" inapunguza, kwa hiyo angalia unapunguza nini. "Nilikuwa nauliza tu" unapunguza uzito wa swali lako na mwenzako anapumua. "Wewe si uko nyumbani tu" umepunguza kazi yake yote ya kutwa, kufua, kupika, watoto, na hiyo meseji itahifadhiwa.

"Jamani" inategemea majirani zake. "Jamani pole, nikuletee nini?" ni upendo mtupu. "Jamani!!" peke yake mtu anajiona kachokwa. Na "hebu nitumie zile picha" ijaribu kuwa "naomba zile picha ukipata nafasi", neno naomba halikugharimu kitu na hata kwa mdogo wako halikushushi.

Kitu kingine watu hawakioni, kitenzi chetu kishabeba mtu ndani yake. "Umesahau" tayari ni wewe. Ukiongeza "wewe umesahau" umenyoosha kidole, na ukiandika "wewe ndo umesahau" umemsimamisha mahakamani. Ukiwa na hasira rudi kwenye meseji yako tafuta kila "wewe" na "mimi" zilizokaa peke yake ufute, sentensi itasimama bila shida na nusu ya ukali itakuwa imeondoka.

Hatua ya 5: Kwenye kudai, kiweke kitu mbele na mtu nyuma

Mtunza hazina yoyote wa kamati ya harusi anaijua hii kazi ilivyo ngumu. "Hujatoa mchango wako" ni kweli lakini inachoma. "Mchango wako bado haujatufikia, labda umekwama kwenye mtandao, naomba utuangalizie" inasema jambo lile lile, deni liko palepale, ila umempa mtu njia ya kutoka bila aibu, na mtu mwenye njia ya kutoka analipa mapema kuliko aliyeaibishwa. Ndo uzuri wa vitenzi vyetu vya kutendwa na kutendeka, glasi imevunjika, hela haijapokelewa, funguo hazijaonekana, unasema tukio bila kumshika mtu shati.

Na usidai kwenye grupu. Orodha ya majina ya wasiolipa kubandikwa mbele ya watu mia moja, wakwe wakiwemo, hiyo naipinga kwa moyo wote. Mfuate inbox. Inaeleweka kamati ina haraka na ukumbi unataka hela, lakini harusi inaisha Jumamosi na undugu unaendelea.

Tahadhari moja, ulaini huu usiutumie kukwepa kosa lako mwenyewe. Kama wewe ndo umevunja usiandike "glasi imevunjika", andika "nimevunja glasi yako, nisamehe, nitaileta nyingine". Mtu anasikia haraka sana kwamba umejificha nyuma ya kitenzi.

Hatua ya 6: Majibu mafupi

Mtu kakuandikia mistari kumi, kaeleza ya moyoni, wewe unarudisha "k". Au kidole gumba. Hata kama umesoma yote na umeguswa, alichopokea yeye ni herufi moja.

Sawa, haya na poa zina ngazi zake. "Sawaa" imetulia. "Sawa" ya kawaida haina rangi. "Sawa." kwa wasioweka nukta ina mashaka. "Haya" kutoka kwa mama inaweza kuwa ruhusa, "Haya." ni onyo, na "Haya bwana" ni kwamba kakuachia ufanye ila hajakubali. Kuhusu "fanya unavyoona" sihitaji kueleza, kila aliyewahi kuipokea anajua hiyo sio ruhusa.

Dawa ni rahisi, kwenye jibu lako rudisha kitu kimoja kutoka kwenye meseji yake. Badala ya "sawa" andika "sawa, nitakuwa pale stendi saa nne". Badala ya "pole" andika "pole sana kwa mguu, umeshapiga picha?" Umeongeza maneno matano tu na mtu anajua umemsoma. Kama huna muda sema huna muda, "nimeisoma yote, niko kwenye kikao, jioni nitakujibu vizuri", alafu jioni ujibu kweli.

Hatua ya 7: Emoji, herufi kubwa na kuvuta maneno

Shida ya utani kutoeleweka kwenye maandishi ni ya zamani kuliko simu zetu. Tarehe 19 Septemba 1982 mwalimu wa kompyuta Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza kwa wenzake waweke :-) pembeni ya maneno ya utani kwa sababu watu walikuwa wanayachukua kwa uzito. Mwaka 1999 Mjapani Shigetaka Kurita akachora picha 176 kwa ajili ya simu za kampuni ya NTT DoCoMo, na tangu 2010 emoji zikaingizwa kwenye Unicode, mfumo wa pamoja wa herufi na alama unaotumiwa na simu zote, ndo maana leo inatoka Android kwenda iPhone na inafika. Inafika picha, maana haifiki sawasawa.

😭 kwa kijana siku hizi ni kucheka mpaka machozi. Kwa mama yake ni kilio. Kijana anaandika "mama leo chuo 😭😭😭" na kuzima data, huko nyumbani hawalali. Ukimwandikia mtu mzima tumia ile ya kucheka iliyo wazi au andika tu "nimecheka". 🙏 wengine ni dua, wengine ni asante, wengine ni naomba, kwa hiyo usiiache peke yake, iambatane na neno. Na kwenye taarifa ya ugonjwa au ajali kagua kidole chako kimegusa nini kabla ya kutuma, 😂 na 😭 zinafanana kwa mbali na mtu mwenye machozi hatakumbuka kwamba kibodi ni ndogo.

HERUFI KUBWA NI KELELE, hata kama ulisahau tu kuzizima. Wazee wengi wanaandika hivo kwa sababu wanaziona vizuri, wasameheni, na kama una mzazi wa hivo muongezee ukubwa wa maandishi kwenye simu yake, ni msaada mdogo wenye thamani.

Kuvuta maneno ndo kumerudisha sauti kwenye maandishi, "asanteee", "njooo", "karibuuu", mimi naupenda sana, unasikia kabisa mtu anaongea. Ila una mahali pake. "Poleee" kwa aliyejikwaa ni sawa, kwa aliyefiwa ni kosa kubwa.

Hatua ya 8: Msiba na habari nzito

Msiba hauna ufupisho. Usiandike "RIP" ukaondoka, usikopi ile iliyotumwa na mtu wa juu yako kwenye grupu mpaka zinafika arobaini zinazofanana kama mhuri. Andika jina la marehemu au undugu wake, maneno kamili, machache. "Pole sana kaka kwa kuondokewa na mama. Nakumbuka alivyokuwa anatukaribisha. Niko njiani nakuja." Kama ni Muislamu na unaandika Innalillahi basi iandike yote. Na usiandike "niko njiani" kama hauko.

Habari yenyewe ya kifo usiipeleke kwa meseji kama unaweza kupiga. Na hapa nawaomba sana walioko nyumbani wenye ndugu nje, Oman, Ulaya, Marekani, kokote, msimtumie mtu "nipigie" peke yake. Mtu yuko kazini usiku, anaona "nipigie haraka" kutoka kwa mjomba, anapiga simu haipokelewi kwa sababu mjomba kaingia kuoga, na yeye huko tayari kamzika mama yake kichwani. Kumbe ulitaka kuulizia kiwanja. Andika "Sote wazima. Nipigie ukipata nafasi, nataka tuongee habari za kiwanja." Maneno mawili ya mwanzo ndo yanayomfanya aendelee kufanya kazi mikono isitetemeke.

Hivo hivo kukatakata, "Mama" ikatumwa, "kuna kitu" ikatumwa, "nataka nikuambie" ikatumwa, alafu unaonekana unaandika dakika tatu. Kwa jambo zito tuma yote kwa pamoja.

Hatua ya 9: Unapopokea, isome kwa sauti ya pili

Meseji ikikuchoma usijibu ile sauti ya kwanza iliyokuja kichwani. Isome tena kwa sauti ya yule mtu siku mlipokuwa mmekaa vizuri. Ikisomeka vizuri kwa sauti hiyo basi jibu hiyo. Ikibaki mbaya kwa sauti zote mbili, uliza, "hapa nimekuelewa vibaya au umekasirika?" Hili swali halimvunjii mtu heshima.

Ila kuna meseji ambazo uandishi wake umetengenezwa makusudi ukudanganye, na ukishaelewa mambo ya juu utazikamata. Ile maarufu ya Tanzania, "Ile hela tuma kwenye namba hii", haina salamu, haina jina, haina kiasi. Nguvu yake yote iko kwenye "ile". Neno ile linakuambia kuna kitu mimi na wewe tunakijua tayari, na kama siku hiyo kweli ulikuwa na hela ya kumtumia mtu, kodi, ada, mafundi, akili yako inajaza pengo yenyewe. Ukavu wake unaonekana kama haraka ya mtu wa karibu anayeona hakuna haja ya salamu. Kwa hiyo kila ukiona "ile", "yule" au "lile jambo" kutoka namba usiyoijua, na linahusu hela, usijibu hapo hapo. Mpigie yule uliyetaka kumtumia hela kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, usikie sauti yake.

Hatua ya 10: Imeshaenda na imeumiza

Tangu 2023 WhatsApp inakubali kuhariri meseji ndani ya dakika 15, tumia hiyo kwa alama ya kuuliza iliyosahaulika au tarehe iliyokosewa. Kwa neno la kuumiza usifute kimya kimya, maana linabaki lile tangazo kwamba ujumbe umefutwa, na mwenzako atajaza hapo kitu kibaya kuliko ulichoandika. Kama umefuta sema umefuta nini.

Usiandike maelezo marefu ya kueleza meseji fupi, kila mstari unaoongeza unampa mtu kitu kingine cha kusoma kwa hasira, alafu skrinshoti zinaanza kusafiri. Piga simu. Asipopokea tuma voisi fupi isiyozidi dakika moja, salimia kawaida kabisa, sema "ile meseji yangu ya mchana nimeiona imekaa vibaya, nilichokuwa namaanisha ni hiki", ukiseme, kisha nyamaza umuachie nafasi. Usimalizie na "kwani wewe ulielewaje". Akijibu kwa "sawa" ya kavu usiikazanie siku hiyo, kesho yake asubuhi mwandikie salamu kamili, ya kawaida, isiyotaja jana.